Begi la Kukua Nalo

Heri niisimulie mwenyewe, maana hata nikinyamaza wapo watu kule Suji wanaoisimulia kila Januari shule zinapofunguliwa, na wao huishia kwenye bukta yangu ikiserereka mteremkoni mbele ya wazazi na wanafunzi, wanacheka, wanapangusa macho, habari imekwisha. Mimi nikifika kwenye bukta ndiyo kwanza habari inaanza. Aibu yenyewe ilikuja baada ya pale, na hiyo hakuna aliyeicheka.

Nilikuwa natoka Mpanda. Mimi ni fundi rangi, kazi yangu kupaka nyumba ambazo sitalala ndani yake, nimepaka Tunduru, nimepaka Kahama, nimepaka Kigoma nyumba ya wageni inayotazama ziwa, na kila mji nikimaliza kuta nahamia mwingine (mara nyingine kuta hazijaisha, ni miguu tu imeanza kuwasha). Nilipanda treni ya Tabora nikiwa na begi moja la nguo na ndoo ya brashi, Tabora nikapanda basi, karibu na Singida tairi likapasuka tukakaa juani tukigawana maji ya chupa na watu nisiowajua, Arusha nikabadilisha gari, na siku ya tatu, tulipokuwa tunaikaribia Mwanga, nikaiona milima upande wa kushoto, ile ya Ugweno imejifunika mawingu mpaka mabegani, nikaanza kulia kimyakimya, mtu mzima wa miaka arobaini na nne, hadi mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama nakwenda msibani. Nikamwambia hapana mama, nakwenda nyumbani. Akanitazama kama mtu asiyeona tofauti.

Nyumbani nilikuwa nimemwacha mtoto. Anaitwa Nakunda. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, na miezi michache baada ya mazishi nikasema naenda kutafuta maisha, nikamwacha kwa dada yangu mkubwa, Namsifu, ambaye hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Nilirudi mara moja tu, Nakunda akiwa na miaka saba, nikamletea viatu vya shule vikubwa mno ili akue navyo, nikakaa wiki moja, nikaondoka kabla hajaamka. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, anaingia darasa la tano, na mimi ndani ya basi lile nilikuwa nimejiapia kwamba safari hii nakaa. Niliamini kabisa. Huo ndio ubaya wangu, huwa naamini.

Nilishuka standi ya Same mchana, na upepo wa pale ulikuwa uleule, unakupiga mchanga wa uso kwanza ndipo unakukaribisha. Nikasema siwezi kupanda mlimani mikono mitupu. Karibu na soko kuna duka la Mzee Athumani, mabegi yamening'inizwa mlangoni kutoka chini hadi juu kama mikungu ya ndizi, nikaingia nikamwamkia, akaitika, nikasema nataka begi la shule la mtoto wa kike.

Mzee yule hakukimbilia kuuza. Aliuliza kwanza mtoto yuko wapi, nikasema yuko Suji, akatikisa kichwa akasema begi la mgongoni ni sawa na kiatu, anayepimwa ni mvaaji, na hasa mtoto wa kupanda na kushuka milima, maana begi likimshukia chini ya kiuno, akipanda linamvuta nyuma na akishuka linamsukuma mbele. Akaniteremshia moja akanionyesha kwa vidole, juu lisipite mabega, chini likomee kiunoni, mikanda iwe mipana na yenye sponji isije ikamkata, na ivutwe mpaka begi lilale mgongoni, lisiwe linabembea. Nilikuwa naitikia kila kitu kama mwanafunzi mzuri. Kisha akauliza swali dogo tu.

"Mtoto mwenyewe ana urefu gani?"

Ndugu zangu, sikujua. Nikaweka kiganja kifuani pangu, nikasema yuko hapa. Halafu nikakumbuka miaka imepita, nikakipandisha kiganja mpaka begani.

"Sasa ni yupi?" akauliza Mzee Athumani. "Wa kifuani au wa begani?"

Akina mama wawili waliokuwa wakichagua madaftari wakageuka kunitazama. Mzee akasema kwa upole nipige simu nyumbani, wamkatie mtoto uzi kutoka begani mpaka kiunoni, wanitajie ni shubiri ngapi, yeye atajua la kunipa. Simu nilikuwa nayo na salio lilikuwemo. Nilichokosa ni uso wa kumpigia dada yangu nimuulize mwanangu ana kimo gani. Basi nikafanya uamuzi ule mdogo uliozaa mengine yote, nikanyoosha kidole kwenye begi kubwa kuliko yote, la zambarau, lenye mifuko sita, nikasema nipe lile, atakua nalo.

(Neno hilo mnalijua. Sisi wote tumelelewa na mashati ya kukua nayo na masweta ya kukua nayo, mimi hata siku ya harusi yangu nilivaa suti ya kukua nayo, na sikukua.)

"Hilo ni la mwanafunzi wa chuo," akasema Mzee Athumani.

"Litamfikisha mpaka darasa la saba."

"Begi litafika," akasema, akalifuta vumbi, akanifungia.

Kutoka pale nikaenda standi kutafuta gari la Makanya, na hapo nikafanya jambo la pili, ambalo sikumwambia mtu. Kuna basi linalotoka Tanga kwenda Mwanza, hupita Same asubuhi, na wakala wake alikuwa akiwahimiza watu wakate tiketi mapema kwa kuwa shule zinafunguliwa na viti vinakwisha. Nikakata ya Ijumaa ya wiki inayofuata. Msiniulize kwa nini. Nia ya kukaa nilikuwa nayo, nawaapia, ila mimi bila tiketi ya kuondokea mfukoni naona kama nyumba haina mlango. Nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikajiambia sitaitumia.

Makanya nikachukua bodaboda, tukapanda kona baada ya kona, joto likabaki chini, ikaanza migomba, ikaanza ile sauti ya maji ya mfereji ambayo nilikuwa naisikia usingizini Kahama nikiamka najua nimeota. Nyumbani niliwakuta uani wanachambua maharage, dada Namsifu na mtoto. Nakunda alisimama, akapangusa mikono kwenye sketi, akaniamkia shikamoo, akanipokea ndoo, akaniletea kigoda. Kila kitu kwa adabu kamili. Hivyo ndivyo anavyopokewa mwinjilisti.

Nikampa begi, akalivaa palepale, na kwa nyuma hukumwona mtoto, uliliona begi lenye miguu. Juu lilikuwa limempita kisogo, chini linamgonga mapaja.

"Umemnunulia mtoto au umemnunulia punda?" akauliza dada.

"Atakua nalo," nikasema.

Nakunda akageuka, taratibu, maana kugeuka na kitu kile kulihitaji nafasi. "Viatu ulivyoniletea vilinitosha baada ya miaka miwili," akasema, bila hasira, kama mtu anayefanya hesabu ubaoni. "Hili litanitosha lini?"

Nilimwelewa. Dada yangu naye alimwelewa, ndiyo maana aliinamia maharage yake kwa bidii ya ghafla. Nilitakiwa niseme nimekosea kipimo, kesho tushuke wote Same tukalibadilishe, ni sentensi moja tu. Badala yake nikasema, "Nimerudi, Nakunda. Siondoki tena." Na karatasi ile iko kifuani pangu, naisikia kila nikivuta pumzi.

Hakuamini siku hiyo. Alhamisi alinitazama kwa mbali nikikarabati mlango wa banda la mbuzi. Ijumaa alinipeleka kwenye ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji ambamo mimi nilijifunzia kuogelea na kuchapwa kwa sababu hiyohiyo, akacheka nilipomweleza. Jumamosi aliniletea madaftari ya darasa la nne nione alama zake, akanisomea ukurasa mzima bila kukwama, nikamsifia. Na Jumapili, tukitoka kanisani, mbele ya wenzake, akasema, "Baba, nishikie kitabu cha nyimbo," kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu aliyekuwa akilitumia jina hilo kila siku, nikakishika kile kitabu kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Huko njiani nilikuwa tajiri. Tiketi nilikuwa nimeisahau kweli.

Jumatatu shule zikafunguliwa, na siku hiyohiyo kulikuwa na msaragambo. Kwetu pembe ya msaragambo ikilia kila kaya inatoa mtu wa kazi, na safari hii kazi ilikuwa kusomba mawe ya darasa jipya, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinakwenda shuleni. Nikamwambia dada apumzike, leo kaya hii ina mwanamume, nitakwenda mimi na mtoto nimpeleke mwenyewe. (Nilijisikia vizuri kusema hivyo. Nilirudia mara mbili.)

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Nakunda akavaa begi, na madaftari yake matatu yakazama chini kabisa, na begi lenyewe likanywea, linaning'inia kama kiriba kitupu, mikanda hata nikiivuta mpaka mwisho haimshiki. Akasema taratibu kwamba anaweza kwenda na mfuko wake wa zamani, ule wa kitambaa alioshonewa na shangazi. Nikakataa. Mtoto wangu aende siku ya kwanza na mfuko wa kitambaa, na baba yake yupo? Nikafungua begi langu la nguo, nikachota bila kuangalia, sweta, mashati, nguo za ndani, nikazisokota nikamjazia ili begi lipande juu lipate umbo. Kisha nikachukua kamba ya katani, nikaunganisha mkanda na mkanda kifuani pake, nyingine nikaizungusha kiunoni, mafundo mawilimawili, kama mtu anayefunga mzigo juu ya keria.

"Baba, nikitaka kulivua?"

"Nitakufungua mwenyewe tukifika."

Sasa, mtu yeyote wa upande wetu anajua kamba ya katani ikilowa inafanya nini. Mimi mwenyewe ujanani nilikata mkonge kule tambarare msimu mzima, nilifunga matita mpaka kucha zikang'oka, nilijua kamba ile ikinywa maji inavimba na fundo linajiuma meno. Na ukungu wa Suji ni mvua isiyo na haraka. Lakini nilikuwa nimekaa mno kwenye miji ya kamba za plastiki, kichwa hakikukumbuka.

Tulitembea karibu saa nzima. Kwenye mteremko alinyoosha mikono pembeni kama anayepita juu ya gogo, kwenye mpando nilimsukuma kwa nyuma. Hakulalamika hata mara moja. Mahali pamoja aliteleza akakalia begi, miguu hewani, kama kobe aliyepinduliwa, wenzake waliokuwa nyuma yetu wakacheka, nami nikacheka nao ili ionekane ni mchezo. Hilo nalijutia peke yake, mbali na mengine.

Shuleni mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa juu ya mawe na daftari la msaragambo, anaita kaya kwa kaya. Alipofika kwetu akainua macho akaniona.

"Huyu mgeni tumwandike wapi?"

Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mistari ya wanafunzi kwamba mimi si mgeni, nimerudi, aniandike. Akauliza kama aniandike zamu za kila Alhamisi mpaka darasa liezekwe. Nikasema aandike zote. Watu wachache wakapiga makofi, mzee mmoja akasema karibu nyumbani, na nikamwona Nakunda pale mstarini, chini ya mzigo ule, akitabasamu huku ameinamisha uso asionekane.

Halafu mwalimu mkuu akawaambia wanafunzi waweke mabegi chini wakaguliwe sare. Mabegi yote yakashuka, likabaki moja. Akamwita mbele. Akamwambia alivue, mtoto akasema haliwezi kuvulika, mwalimu akauliza nani kamfunga hivi, na mtoto akanyoosha kidole kwangu, sio kwa kushtaki, alikuwa anaomba msaada.

Nikaenda. Fundo la kifuani lilikuwa limekuwa jiwe. Nikajaribu kucha, zikapinda, nikajaribu ncha ya msumari, ukateleza, jasho likanitoka katika baridi ile, na nyuma yangu nikasikia akina mama wameanza.

"Katani imelowa hiyo."

"Mwana wa Suji asiyeijua katani?"

"Muacheni, huko mjini alikuwa anafunga zawadi."

Kicheko kikapanda. Ningeweza kucheka nami, lakini Nakunda alikuwa amebanwa, anapumua fupifupi, machozi yanamtoka bila sauti, nikaingiwa na hofu, nikachukua panga mkononi mwa mwenyekiti, nikalipitisha kwa ubapa chini ya kamba, makali nje, nikavuta, na nikakata kamba pamoja na mkanda wa begi. Begi likaanguka. Zipu nilikuwa sijaifunga hadi mwisho kwa jinsi nilivyolijaza, likatapika. Na uwanja ule, kama viwanja vyote vya kwetu, umelalia bonde. Sweta likatoka, mashati yakatoka, na bukta yangu ya kijani, yenye madoa ya rangi za mikoa mitano na tundu nyuma, niliyokuwa nimeiviringisha kama mpira, ikaanza safari, ikapita kati ya darasa la kwanza na la pili, ikaongeza mwendo, ikaenda kusimama kwenye rundo la mawe miguuni pa akina mama wa kwaya.

Sitawaeleza kelele zilizokuwepo. Mwalimu mkuu aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Na nawaambieni ukweli, hapo nilicheka hata mimi, maana mtoto alikuwa amefunguka, anapumua, na aibu ya bukta mtu huipona. Mwaka mmoja wanakutania, wa pili wanachoka.

Nakunda alikuwa ameinama anakusanya nguo zangu. Moja moja, anazikung'uta mchanga, anazikunja juu ya mkono wake, kama mke wa mtu. Akaokota lile shati nililosafiri nalo. Karatasi ikachungulia mfukoni, akaitoa, akaikunjua.

Mwenyekiti alikuwa bado anacheka. "Soma, mwanangu. Ni barua ya mchumba?" Watu wakaangua upya.

Nakunda akainua uso. Hakunitazama mimi, alimtazama mwenyekiti, na kwa sauti ile ya kujibu swali darasani akasema, "Ni tiketi. Baba ana safari Ijumaa."

Kicheko hakikufifia, kilikatika. Nilisikia maji ya mfereji nyuma ya shule. Mwenyekiti aliangalia daftari lake, pale alipokuwa ameniandika Alhamisi zote zile, akaangalia kalamu, akaifunika kifuniko.

"Alhamisi hii utakuwepo?" akaniuliza, kwa sauti ya chini.

"Nitakuwepo."

"Basi tuhesabu hiyo."

Na Nakunda akaikunja tiketi kwa kufuata mikunjo yake ileile, mara nne, akairudisha mfukoni mwa shati, akanikabidhi nguo zangu, akachukua madaftari yake matatu akayaweka kwapani, akarudi mstarini. Alisema nina safari. Hakusema nimedanganya. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, amebanwa na kamba niliyoifunga mimi, alisimama mbele ya kijiji kizima akanitafutia neno la kunisitiri, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyumbani dada Namsifu habari alikuwa nazo kabla sijafika. Hakupandisha sauti. Alinitengea makande, akasubiri nile, ndipo akasema, "Nisikilize mdogo wangu. Kaa, au nenda moja kwa moja. Tuma salamu, piga simu, mtoto nitamlea. Lakini usije tena hapa kumwambia umerudi. Usimfanye mwanao standi."

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikuichana ile tiketi. Niliitoa mara tatu. Jumanne niliitoa nikiwa peke yangu kwenye ndiva, nikaishika kwa vidole vya mikono yote miwili namna ile ya kuchana, na nikaona mbele yangu Alhamisi zote zile, mawe yote yale, nyuso zote zile zikiniangalia kama nitakuwepo na ile ijayo, nikaona kwamba kukaa kunahitaji ushujaa ambao mimi sikuzaliwa nao au niliupoteza kwenye barabara fulani. Nikaikunja. Alhamisi nilisomba mawe tangu asubuhi, mengi kuliko mtu yeyote, hakuna aliyenitania, na kutotaniwa kwetu ni adhabu. Nakunda wiki hiyo yote aliniamkia shikamoo kila asubuhi na kunitengea maji ya kunawa. Lile neno la Jumapili hakulitumia tena.

Ijumaa tulishuka wote watatu. Dada alimwombea ruhusa shuleni, akasema mtoto hawezi kumaliza mwaka na mfuko wa kitambaa kwa sababu ya upumbavu wa watu wazima. Nguo zangu nilizikuta zimekwisha kupangwa ndani ya lile begi kubwa la zambarau, zimekunjwa vizuri, soksi kwenye mfuko wa pembeni, brashi zangu kwenye mfuko wa mbele. Ni Nakunda aliyepanga. Begi langu la zamani alikuwa amelitundika ukutani kwa shangazi yake, la kuwekea mahindi ya mbegu.

Mzee Athumani alinikumbuka. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Kumbe ndiye huyu. Si wa kifuani, si wa begani. Yuko katikati."

Akachukua uzi mweupe wa kushonea, akamgeuza Nakunda, akaupima kutoka mfupa wa bega mpaka kiunoni, akaukata. Kwa uzi ule akapima begi moja, akaliacha, akapima jingine, la tatu akalishusha, la buluu, dogo, halina mbwembwe, mikanda mipana. Akamvalisha, akavuta mikanda, akapitisha kiganja kati ya begi na mgongo, kikabana. Akatia ndani madaftari mazito kiasi, akamwambia atembee. Nakunda akatembea mpaka kwenye mlango wa soko akarudi, akaruka mara mbili, akainama akafunga kamba ya kiatu, akainuka.

"Halinivuti," akasema. Lilikuwa neno la kwanza lenye furaha tangu Jumatatu.

Fundi viatu wa jirani alikuwa amenishonea mkanda niliokata, nikalivaa lile la zambarau ili mikono ibaki wazi. Mzee Athumani akanizunguka, akatazama juu, akatazama chini, na sidhani kama alikusudia kuniumiza.

"Juu mabegani, chini kiunoni," akasema. "Limempata mwenyewe."

Basi lilikuja na vumbi lake. Dada akanipa mkono, akaenda kusimama kando ya banda la wakala. Nakunda akabaki mbele yangu, wima, begi limemlala mgongoni kama lililoota pale. Akafungua mfuko mdogo wa mbele, akatoa ule uzi, kumbe alikuwa ameuomba kwa mzee, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa vidole vyake.

"Baba, ukiona kitu kizuri huko, mimi niko hivi," akasema. Halafu, kama mtu asiyetaka kumdanganya mwenzake, akaongeza, "Lakini ni mwaka huu tu."

Sijapanda tena Suji tangu siku ile. Siku ile ya makande nilimuahidi dada yangu kwamba sitakuja tena kumwambia mtoto nimerudi, na katika ahadi zote nilizowahi kutoa pale nyumbani ni hiyo moja niliyoitimiza. Na nyingine nilijipa mwenyewe dirishani mwa basi, kwamba sitamnunulia tena mtoto kitu cha kukua nacho, kama sipo kumpima basi nisinunue, maana nilichokuwa namnunulia miaka yote ile kilikuwa nafasi ya mimi kutokuwepo.

Tulipofika Mwanga, milima ikiwa sasa upande wa kulia, niliutoa uzi nikaunyoosha juu ya paja, nikaupima kwa kiganja, shubiri mbili kasoro vidole viwili. Nikaupima tena. Abiria wa pembeni yangu alikuwa ananitazama, akashindwa kuvumilia, akaniuliza huo uzi ni wa nini.

Nikamwambia, huyu ni mwanangu.